Mtoto wa mama wa kucha

Tangu Jumapili kuna neno la shemeji limenikaa kooni, halishuki wala halitemeki. Nilidhani nikifika kazini litapita. Halikupita. Leo Ijumaa, Novemba 15, 2024, saluni imefungwa mapema, mume wangu Baba Mwamba kalala, nami nimekaa hapa mezani nilitoe.

Wafuatiliaji mnajua kilichotokea. Bears, timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Chicago, wamefungwa 19-3 na New England Patriots, tena nyumbani, Soldier Field, na watu waliolipia viti vyao wakawazomea. Ni mechi ya tatu mfululizo tunalala. Ilianza Washington, Oktoba 27, ule mpira wa mwisho uliorushwa huku saa inaisha, tukatoka 18-15 wakati tulishaanza kushangilia. Ikaja Arizona, 29-9. Sasa hii. Katika mechi hizi mbili za mwisho hatujafunga tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira mpaka mwisho wa uwanja, pointi zote ni za mateke. Na Caleb Williams, kwotabeki wetu, yule anayepokea mpira na kuwarushia wenzake, kijana ambaye Jumatatu ijayo ndiyo kwanza anatimiza miaka 23, kaangushwa chini mara 9 katika mechi moja.

Tulikuwa kwa dada kule Rogers Park, kama kawaida yetu ya Jumapili. Sebule ile mnaijua kutoka posti za nyuma: shemeji kwenye kochi lake, jirani wa Bukavu upande wa dirisha, Baba Mwamba na yule mzee wa Mombasa kwenye viti vya plastiki, watoto chini kwenye zulia. Mechi ilipoisha hakuna aliyezima televisheni. Kesi ikafunguliwa.

Jirani alitaka kijana apumzishwe benchi, aingie mbadala wake, Tyson Bagent. Baba Mwamba yeye kamkalia kooni kocha mkuu, Matt Eberflus, tangu ile siku ya Washington. Mzee wa Mombasa akasema timu hii ina zaidi ya miaka 100 na haijawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 za kurusha katika msimu mmoja, kwa hiyo tusimtwishe mtoto deni la mababu. Hapo nilimpenda sana yule mzee.

Shemeji akaja na hoja ambayo, niseme kweli, ni nzito. Kwenye uteuzi wa mwezi wa nne, timu zinapogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, Chicago ilichagua ya kwanza, ikamchukua Caleb. Washington wakachagua wa pili, Jayden Daniels. New England wakachukua wa tatu, Drake Maye. "Wa pili katutungua, wa tatu katufuata nyumbani katutungua. Sisi tuliyenaye ndiye wa kwanza!" Watu wakaguna. Ni hoja ya mpira, inajibika kwa mpira. Angeishia hapo.

Hakuishia hapo. Alisema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Lakini mwanaume anapaka kucha rangi. Mtoto wa mama wa kucha, mlitegemea nini?"

Nilikuwa nimeshika sinia la mishikaki. Nikasema, "Shemeji, mama wa kucha si mimi hapa?"

Akacheka. "Aa, shemeji, usijitie humo. Mimi naongelea mpira."

Basi. Dada akaniambia nilete pilipili, mazungumzo yakahamia kwa Justin Fields, kwotabeki wetu wa kabla ya Caleb, na kwamba hatukupaswa kumwachia aende Pittsburgh. Mwanangu Mwamba akanyanyuka pale zuliani akaenda jikoni, akakaa huko mpaka tulipoondoka.

Naongelea mpira. Wiki nzima nimelirudia hilo. Jumatano nimeapa uraia, Baba Mwamba kapata zamu za mchana alizoziomba muda mrefu, yote heri, Alhamdulillah. Lakini hata pale ukumbini, mkono wa kulia umenyanyuliwa, nilikuwa namsikia shemeji akicheka. Usijitie humo. Nisijitie vipi? Mama yake Caleb kazi yake ni kucha, kama mimi. Kijana mwenyewe kashasema hivyo, na anapaka rangi kwa sababu ndicho alichokikuta nyumbani, kama mtoto wa mvuvi anavyojua nyavu. Ile kazi ndiyo iliyomlisha. Na shemeji anajua kazi hii imelipa nini katika nyumba yetu, maana nauli ya mdogo wake kutoka Dar ilipopungua, kilichopungua kilitoka kwenye meza yangu ya kucha.

Halafu ni yeye huyuhuyu. Oktoba, Bears walipowapiga Jacksonville 35-16 kule London na Caleb akarusha tachidauni nne, shemeji alimwita "mwanetu" siku nzima. Kucha zilikuwa na rangi hata siku ile.

Usiku tuliporudi Mwamba hakutaka kula. Nikamwambia haya, kama ni mpira nielezee mpira. Mnajua shuleni anacheza pale mbele, kwenye ukuta unaomkinga kwotabeki, nafasi ambayo jina la mtu halitajwi mpaka akosee. Akaleta chupa zangu za rangi, akapanga tano kwa mstari juu ya meza, nyuma yake akaweka chupa ya asetoni. Asetoni ndiyo kwotabeki. Akaniambia: Mama, akishapewa mpira ana kama sekunde mbili na nusu za kutazama wenzake wanaokimbia na kuamua. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, kama Caleb, huupa upande wa kushoto mgongo, hivyo yule wa mwisho kushoto ndiye macho yake ya kisogoni. Akaiondoa chupa nyekundu ya kushoto. Akasukuma mfuniko wa soda kutoka upande ule, ukaigonga asetoni ikaanguka. Akaisimamisha. Akasukuma tena. Nilipomuuliza kosa la asetoni ni lipi, akafikiri, akasema wakati mwingine inakaa na mpira muda mrefu mno, inasubiri pasi nzuri zaidi badala ya kutoa ile iliyopo.

Hilo nalikubali, na ningemkubalia shemeji vilevile. Caleb anashikilia mpira. Anaamini miguu yake itamtoa, kama ilivyomtoa chuoni, na huku wanakimbia wote. Lakini ukuta una majeruhi, Arizona walishamwangusha mara 6 wiki moja kabla, na mtu aliyeangushwa mara 15 katika mechi mbili ataanza kumtazama anayekuja badala ya kumtazama mwenzake anayepokea. Hayo ndiyo ya kujadili. Rangi ya kucha haizuii mtu wa kilo 130 wala haimwiti.

Juzi usiku nikatafuta ile video ya Novemba 2023, Caleb alipokuwa bado chuo cha USC, wamefungwa na Chuo cha Washington 52-42. Mnaikumbuka. Alipanda jukwaani na jezi yake ikiwa na jasho, akajitupa mikononi mwa mama yake akalia, na mama akanyanyua bango kumkinga na kamera. Watu walimcheka sana kwa hilo. Mimi niliitazama mpaka simu ikapata moto. Namtazama yule mama anavyohangaika na lile bango, anamfunika upande huu, kamera zinakuja upande ule, anahamisha. Hatazami watu. Sijui kama nilikuwa namlilia yeye au najililia, ila nililia vizuri, na nilipomaliza hasira ilikuwa imepungua nusu.

Nusu nyingine imeondoka kazini. Jumanne zilipoingia habari kwamba kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, kafukuzwa, saluni ililipuka. Natamani mngeona. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyewashuhudia Bears wa msimu wa 1985 wakichukua ubingwa, alikuwa ameingiza vidole kwenye taa ya kukaushia jeli, akavitoa kabla ya muda ili apate mikono ya kubishania. Ikabidi nianze upya kidole gumba. Dada wa kiti cha pili anasema Waldron kaonewa, mzigo ni wa Eberflus. Mwingine anasema mpeni kijana pasi fupi fupi za haraka apate kujiamini. Vumbi la kucha linapaa, tupa zimesimama hewani, wanawake watano wanajadili ukuta wa mbele kwa sauti za uwanja wa Mkwakwani kule Tanga, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mama wa mtu. Yule mwalimu akaomba kucha za mkono wa kulia ziwe bluu ya giza na moja ya machungwa, rangi za Bears, kwa ajili ya mechi ya Jumapili na Green Bay. Nilizipaka taratibu mno, safu mbili na ya kung'arisha juu, nikajiona nafanya kazi yenye heshima yake mjini hapa.

Kwa hiyo Jumapili nitakwenda kwa dada. Sitanuna. Nitamwambia shemeji mbele ya wale wale waliosikia, kwamba Caleb amseme awezavyo, pasi zake, miguu yake, ubishi wake wa kukaa na mpira, ila kazi ya mama yake aiache, maana mimi na mwanangu tunakaa kwenye sebule hiyo. Baba Mwamba anasema nimwite pembeni, ni mkubwa. Nimemjibu yeye hakuniita pembeni. Mwamba nimemwachia achague kuja au kubaki. Kasema anakuja.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni Tanga. Vuli imeanza, na ule mwembe wa nyuma umeegemea bati la jikoni kwa Mama. Fundi wa kuukata alipokea hela yote kwa simu wiki iliyopita na tangu jana hapokei. Mama anasema niache, mti umekaa hapo tangu enzi za Baba hauna neno, na huku anapika humo humo jikoni asubuhi na jioni. Kuko saa kumi na mbili alfajiri sasa. Ngoja nimpigie kabla hajawasha moto.