Karafuu ina meno mangapi?

Wete, Pemba, Jumapili usiku

Leo nimemkabidhi Baba kialamisho chake cha kitabu. Kimenichukua wiki tatu, na wiki nzima kati ya hizo ilikwenda kwenye swali moja: karafuu ina meno mangapi?

Nianzie barazani. Tangu alipostaafu usomeshaji, Baba husoma kila siku baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya mbele. Msimu wa kusi nyumba inamkinga. Kaskazi ikishaingia, upepo unapita pale barazani moja kwa moja, na chochote alichokiweka kitabuni kuwa alama kinaruka: risiti ya duka, kipande cha gazeti, njiti ya kiberiti. Siku moja aliweka jani bichi la mkarafuu. Halikuruka, ila liliacha doa la kahawia kwenye kurasa mbili. Kukunja pembe ya ukurasa hataki kabisa, maana amewakataza wanafunzi miaka yote ya kazi yake. Basi anaporudi kutoka kufungua mlango au kunywa maji, anatafuta. Namuona akifunua mbele, akirudi nyuma, akisogeza kitabu mbali na macho, na jua nalo linashuka. Mwanga wa alasiri ni mfupi na macho yake yanachoka mapema siku hizi. Iliniuma kuona robo ya mwanga ule ikiishia kwenye kutafuta.

Khalati, dada yake Mama, alipokuja kutoka Maskat aliniletea paketi tano za udongo wa polima, gramu 57 kila moja: nyeupe, kijani, manjano, nyekundu na kahawia. Alijua napenda kazi za mikono. Mama alipouona aliubonyeza kwa kidole, akaunusa, akasema, "Huu si udongo, mwanangu." Na kweli si udongo. Ni plastiki, jamii ya ile ya mabomba ya maji, iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha na rangi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na Mama amekua akikanyaga udongo wenyewe, ule unaochimbwa, unaolowekwa, unaokauka kivulini kisha unachomwa kwa kuni na makuti. Udongo wa Bibi ulikuwa na haraka: udongo uwahi ungali maji. Huu hauna maji ndani yake, kwa hiyo hauanguki mkononi mwako kwa kukauka. Unaweza kuuacha umefunikwa mwezi mzima ukaurudia ukaukuta vile vile. Unakuwa mgumu kwa joto tu.

Na joto ndilo lililonihangaisha mwanzo. Mchana wa hapa udongo huu unalegea hata kabla hujaukanda vizuri, unanata kwenye vidole, kila unapougusa unabaki na alama ya kidole. Nilijifunza mambo mawili. La kwanza, kuusukuma bapa, kuuweka katikati ya karatasi mbili nyeupe na kuulalia kitabu kizito kwa saa chache; karatasi inanyonya mafuta ya ziada nao unashika umbo. (Karatasi zile zinabaki na madoa ya mafuta, ndiyo maana udongo mbichi haufai kuwekwa juu ya kitabu unachokipenda.) La pili, kufanya kazi alfajiri. Baada ya kusali, kabla jua halijapanda, nilikuwa na saa moja na nusu ya udongo mtiifu. Nilisukuma kwa chupa juu ya kipande cha marumaru kilichobaki tulipotengeneza choo, kwa sababu kibao cha chapati Mama alikiondoa mapema akakifungia kabatini. Alikuwa na haki. Kifaa kilichogusa udongo huu hakirudi kwenye chakula.

Kialamisho cha kwanza kilikuwa kosa. Nilitengeneza utepe mrefu, bapa, wa kuingizwa katikati ya kurasa, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyozoea kuona alama ya kitabu. Chuoni, tulikosoma Kurani, sisi tulikuwa na chelewa, kijiti cha ukuti: unafuatia herufi kwa ncha yake, ukimaliza unailaza ndani ya juzuu. Bibi alikuwa na kipande cha ukili, msuko wa ukindu, uliotiwa rangi nyekundu ndani ya msahafu wake, chembamba kama karatasi, na kimelala mle mpaka leo. Lakini ukili ni ukili. Utepe wangu ulikuwa na unene wa milimita nne, na kitabu kilichofungwa juu yake kikabaki mdomo wazi, mgongo umejipinda. Nilipoupunguza unene ukavunjika, nadhani kwa sababu nilikuwa sijauoka ukaiva. Nilikaa nao mkononi vipande viwili nikafikiri juu ya kitabu, maana mpaka hapo nilikuwa nimefikiri juu ya pambo tu.

Hapo ndipo ilipokuja lastiki. Lastiki inazunguka kitabu kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, ikikumbatia jalada la mbele pamoja na kurasa zilizokwisha kusomwa. Pambo linakaa nje, juu ya jalada. Ndani ya kitabu kunabaki utepe mwembamba tu wa kitambaa, na upepo hauna cha kuchukua. Nilikwenda kwa fundi cherehani sokoni, nikanunua lastiki nyeusi bapa, ile nyembamba ya kutia mikononi mwa buibui, upana wake milimita sita. Fundi aliuliza ni ya nguo gani. Nilipomwambia ni ya kitabu aliacha kushona, akachukua daftari lake la vipimo, akalizungushia lastiki, akavuta, akaachia. Akaniambia nisiikaze sana: jalada la karatasi litajikunja kama kola. Ushauri ule ulinisaidia kuliko chochote nilichosoma.

Hesabu yenyewe ni hii. Kitabu anachokisoma Baba kina urefu wa sentimita 21, mzunguko 42. Kipande cha udongo, kutoka tundu la juu hadi la chini, sentimita nne. Nikataka lastiki na udongo pamoja ziwe 40, yaani pungufu ya mzunguko kwa mbili tu, za kuvuta. Basi lastiki 36, na moja moja kila ncha ya kukunjia na kushona: 38. Matundu lazima yakatwe kwa wembe kabla ya kuoka, mapana kidogo kuliko lastiki. Lastiki yenyewe haiingii kwenye oveni hata kidogo.

Sasa pambo. Sikutaka ndege wala samaki, kwa kuwa Baba huweka vitabu vyake karibu na msahafu na hapendi sura za viumbe pale. Nikasema karafuu. Nani Pemba atashindwa kutengeneza karafuu? Nimechuma tangu nina miaka saba. Nimekaa usiku na wenzangu tukichambua, karafuu huku, makonyo, vijiti vya kishada, huku, vidole vimeganda weusi, na mchumaji akisubiri kupimiwa pishi zake. Nimeanika kwenye majamvi na kukimbia kuyakunja wingu likitokeza. Baba mwenyewe ndiye aliyetusomesha darasani kwamba kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo karafuu ikawa yetu.

Nikakaa na udongo mkononi na sikujua karafuu ikoje.

Nilijua harufu yake, uzito wake ndani ya kikapu, sauti yake ikimiminwa juu ya jamvi ikishakauka. Lakini kule juu, kinapoishia kikonyo na kinapoanza kichwa, kuna vijino. Vitatu? Vinne? Vitano? Msimu umekwisha, mtini hakuna kitu. Nilitengeneza ya meno matano, na ikawa kama ua la plastiki la dukani. Nilimuuliza kaka yangu, akasema matatu bila kufikiri. Nilimuuliza Mama naye akanyamaza, akafumba macho, akasugua kidole gumba na cha shahada kama anayeshika kitu, kisha akasema, "Nne. Na kichwa kinakaa katikati kama yai kwenye kiota." Mikono yake ilikuwa inajua.

Nilihakikisha. Nilichukua karafuu kavu kumi za jikoni, nikaziloweka kwenye maji ya moto usiku kucha, asubuhi zikawa zimevimba na kulegea. Nne, zote kumi. Na kile kichwa cha mviringo, nilichokuwa nakiona kama kifundo tu, ni ua lililofungwa, petali zimekunjana moja juu ya nyingine hazijafunguka. Tunachuma ua kabla halijachanua. Hilo nililijua kwa maneno. Asubuhi ile, na karafuu iliyolowa juu ya kucha yangu, nililiona, na nikakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya hapo mikono ilikwenda yenyewe. Unasokota kijiti cha udongo cha sentimita moja na nusu, chembamba chini. Juu unakikata kwa wembe mikato miwili ya msalaba, na hapo hapo meno manne yanajitokeza. Unayasukuma nje kwa kijiti cha meno, unaweka kidonge katikati. Rangi alinisimamia Mama. Kijani changu cha kwanza alikikataa, akasema hicho ni cha mchicha. Tulitia nyeupe na manjano, kisha wekundu kidogo sana kwenye mabega, pale pale inapoanza kuiva, siku zenyewe za kuchuma. Karafuu saba, za rangi saba zinazokaribiana, kwenye kishada kimoja juu ya kibao cha kahawia.

Kuoka: nyuzijoto 130 kwa dakika 30. Mkate wa kumimina naweza kuupalia makaa juu na chini nikajua umeiva kwa pua, lakini hapa makaa hayafai. Ukizidisha joto udongo huu unaungua na kutoa moshi mbaya wa kuumiza kifua. Nilitumia oveni ndogo ya umeme, na kipimajoto ndani, kwa sababu kitufe cha oveni kilisema 130 na kipimajoto kikasema 150. Nilifunika kishada kwa foili, nikafungua madirisha yote. Dakika ya 12 umeme ukakatika. Niliinama mbele ya kioo cha oveni nikiwa na tochi ya simu, na machozi karibu. Lakini udongo wa polima unaweza kuokwa tena na tena bila kudhurika. Umeme uliporudi baada ya isha nilianza upya, dakika 30 kamili, nikauacha upoe humo humo.

Asubuhi nilipiga msasa wa maji kwenye kingo za kibao, nikapitisha lastiki kwenye matundu, nikashona ncha kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya kwenda na kurudi.

Leo alasiri nilimpa. Aliuliza kinavaliwaje, nikamuonesha. Alikivuta, akakiachia taratibu, akafunga kitabu, akakitikisa juu chini mbele ya upepo. Kisha akakileta kishada puani. Sikumwambia kitu. Alikishusha, akaanza kupapasa karafuu moja moja kwa kidole gumba, na nikamuona akihesabu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisema anataka na yeye, cha juzuu yake, lakini karafuu moja tu, na ya kahawia, ya kavu. Nimeipima juzuu hiyo sasa hivi. Urefu wake ni sentimita 24. Lastiki iliyobaki haitoshi, kesho nitapita kwa fundi.