Majina ya Avenue Lumumba, Bukavu

Anayetaka kuifahamu Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, aanze na Avenue Patrice Emery Lumumba. Mji wetu umejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, mahali tambarare ni pachache, na kwa hiyo tangu enzi za Wabelgiji barabara hii imebeba ofisi, hoteli, maduka na maandamano. Wakati huo iliitwa Avenue Royale, na mji wenyewe, tangu 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, uliitwa Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, ofisa wa kikoloni. Majengo mengi ya zama hizo, yenye kona za mviringo, bado yanaonekana ukiinua macho juu ya vibao vya maduka.

Katika kuwauliza wazee na kulinganisha picha za zamani na kuta za leo, kilichonivuta zaidi ni majina. Kuondoa jina la ufalme na kuweka la Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, ni uamuzi unaojieleza. Uwanja wa Place Mulamba unahitaji maelezo zaidi: Agosti 1964 waasi wa Simba waliushambulia mji, Kanali Léonard Mulamba akauokoa, na mwaka uliofuata Mobutu akamfanya waziri mkuu. Agosti 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme waliuteka mji, wakaushikilia hadi Novemba, kisha wakakimbilia Rwanda. Hao hawakuachiwa jina popote, na naona ni haki.

Uwanja wa Nyawera ndipo moyo wangu unapokwama. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukiangukia mikononi mwa wavamizi, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa amepaza sauti kuwatetea raia na wakimbizi wakati wengi wenye mamlaka walikuwa wamekwisha kuondoka, aliuawa hapo, na uwanja huo sasa una jina lake. Vijana wengi hulitaja wanapomwelekeza dereva wa teksi, bila kujua kilichotokea, na jambo hilo linaniuma.

Ombi langu kwa walimu wa historia wa Ibanda, mojawapo ya tarafa za mji wetu, ni kwamba wawatoe wanafunzi darasani, wapite nao barabara hii kwa miguu pamoja na wazee walioshuhudia, na maneno ya wazee hao yaandikwe, kwa kuwa aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1964 sasa amevuka sabini.