Wakitutafuta, watabipu kwanza

Enzi zile salio lilikuwa adimu nyumbani, na mama aliweka kanuni. Nikifika Kariakoo salama, nabipu mara moja. Mara mbili: nimekosa gari, msinisubiri kula. Mara tatu mfululizo: nipigie sasa hivi, kuna balaa. Habari zote hizo bila vocha.

Juzi umeme ulikatika Mbagala nzima, nikawa nimekaa kibarazani na mpwa wangu wa kidato cha pili, tunatazama nyota ambazo siku nyingine hatuzioni. Akauliza, "Mjomba, viumbe wa huko wakitaka kuongea na sisi, watatumia lugha gani?"

Kiswahili tusahau. Hata ile santuri ya salamu iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977 ina lugha 55, Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. (Bado inaniuma.)

Mimi naona watabipu. Shida ni kwamba kanuni ya mama tulikubaliana tukiwa jikoni. Na hao hatujawahi kukaa kikao. Tena bipu za mpangilio peke yake hazitoshi. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alinasa mapigo ya redio yanayorudi kila sekunde 1.33 hivi, hayakosei. Wenzake wakatania kuwa ni vijitu vya kijani. Kumbe ni nyota iliyokufa, inazunguka kwa kasi. Kwa hiyo wabipu kitu ambacho nyota haiwezi: mapigo 2, kisha 3, 5, 7, 11. Namba tasa, zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu.

Sisi wenyewe tulitumia ujanja huo. Novemba 1974 darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha alama 1,679 kuelekea kundi la nyota la M13. Namba hiyo ni 23 mara 73 tu, zote tasa. Ukizipanga hivyo, inatokea picha, na mtu yumo. Jibu ni baada ya miaka kama 50,000.

Nikamjaribu dogo. Kwa tochi ya simu nikamwandikia sifuri na moja, jumla tarakimu 35, kwenye daftari lake la hesabu, mstari mmoja. "Zipange. Kwenye moja, paka wino."

Akaanza saba saba. Vurugu tupu. Akafuta, akapanga tano tano, akapaka taratibu, ulimi nje.

"M! M ya Mbagala!"

Nikajisikia profesa. Naye akaligeuza daftari juu chini, akalitazama kidogo.

"Mjomba, wakiishika hivi je? Si ni W?"