Jumapili ya Magamba

Basi la Lushoto lilinipakia Muheza, likapita kati ya mashamba ya mkonge na meza za wauza machungwa, likakata kulia Segera na kutufikisha Mombo jua likiwa kali. Kuanzia hapo safari hubadilika tabia, kwa maana barabara ya kilomita zipatazo 33 hupanda ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, ikipita maporomoko ya Soni, na kadiri gari linavyopanda ndivyo abiria wanavyofunga madirisha na kuvaa masweta waliyokuwa wameyapakata.

Ulikuwa mwaka 2015, nami nilikuwa nakwenda Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto, kumtembelea mdogo wangu wa kike aliyekuwa akisomea ualimu wa elimu maalumu katika Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2007 na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwanza kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na kilipewa jina la askofu aliyeiongoza dayosisi hiyo na KKKT nzima hadi alipofariki mwaka 1992. Ulutheri wa Usambara ni wa tangu mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani walipoweka makao Mlalo. Sisi wa bondeni tulipata dini kwa Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliojenga Magila karibu na Muheza, hivyo nimekulia katika ubani na kengele, na nilipanda mlima nikitarajia ibada kavu.

Sikuikuta kavu. Jumapili kanisani, upande wa mbele kushoto walikaa wanafunzi viziwi, wote wakimkabili kijana mmoja aliyesimama kuwapa mgongo wahubiri. Huyo alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, naye ni mwanafunzi kama wao. Somo la kwanza lilisomwa na dada asiyeona, aliyeweka juu ya mimbari karatasi nene, pana kuliko gazeti lililokunjwa, zenye maandishi ya nukta nundu. Mkono wa kulia ulisoma, wa kushoto ulikuwa tayari umetangulia kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, kwa hiyo sauti yake haikukatika popote, wakati msomaji wa somo la pili, mwenye macho yake mawili, alipotea mstari na kurudia.

Mchungaji alihubiri polepole, na baada ya muda nilielewa kwamba alikuwa akimsubiri mkalimani. Alipofanya mzaha kuhusu wanafunzi wanaokumbuka kuomba majira ya mitihani, kicheko kilikuja mara mbili: kwanza kwetu sisi wenye kusikia, kisha, tulipokuwa tumeshanyamaza, kikalipuka tena mbele kushoto, nasi tukacheka upya kwa sababu yao. Mchungaji alisimama kimya mpaka cha pili kilipokwisha. Nimehudhuria makanisa mengi ambako mkalimani huwekwa pembeni apambane na kasi ya mhubiri kadiri awezavyo. Pale mhubiri ndiye aliyefuata kasi yake. Matangazo nayo yalikuwa marefu kama ibada nyingine, lakini hilo tunafanana madhehebu yote.

Baadaye tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Watu wa vijijini walikuwa wametoa mkungu wa ndizi, kabichi, karoti, mayai na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa akawa dalali. Kabichi moja ilinunuliwa na mama mmoja, akairudisha iuzwe tena, ikanunuliwa na mhadhiri, naye akairudisha. Mwanafunzi asiyeona aliomba aipapase kwanza, akaibonyeza, akasema mbele ya wote kwamba imeshaanza kulegea na bei hiyo ni ya huruma. Viziwi nao walikuwa wepesi kuliko sisi sote, kwani walipandisha bei kwa vidole kabla dalali hajamaliza kuitaja ya mwisho. Jogoo aliwaendea wao, baada ya kuchangishana noti zilizokunjamana.

Jioni mambo yalikuwa tofauti. Katika vyuo vyetu wanafunzi Wakristo husali katika vikundi vyao, wengine USCF ya makanisa kama Walutheri na Waanglikana, wengine TAFES isiyo ya dhehebu moja, wengine CASFETA ya Wapentekoste, na Wakatoliki wana umoja wao. Kila kundi hutafuta darasa lake, na nyimbo hugongana kupitia madirisha. Nilimuuliza mdogo wangu viziwi huenda wapi.

“Kaka, wao humfuata mkalimani,” alinijibu. “Wanaoweza kutafsiri vizuri ni wachache, na hawawezi kuwa madarasa manne kwa wakati mmoja.”

Ndivyo ilivyokuwa kwamba rafiki yake kiziwi, Mkatoliki wa Kilindi, alikuwa akisali na Wapentekoste kila jioni ya Jumatano, na Ijumaa akawa na Walutheri, bila kuhama dhehebu. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyekijua chuo kizima, kuliko waliokuwa wakiimba kila kundi darasani mwake. Mdogo wangu alikuwa anajifunza alama ili aingie kwenye zamu, na jioni ile alipangiwa matangazo peke yake, kwa sababu mahubiri, alisema, bado yalikuwa yanamshinda mikono.