Jioni braza alipoikataa CD ya System of a Down

Watu wakianza kuhesabu albamu za System of a Down, ile bendi ya roki ya Marekani, utasikia ile ya kwanza ya 1998, halafu Toxicity ya 2001, halafu wanaruka mpaka Mezmerize na Hypnotize za 2005. Ya katikati, Steal This Album! (yaani iibe albamu hii), wanaiita makombo ya Toxicity. Mimi hapo huwa sikubali, na kila nikisikia mtu anasema hivyo nakumbuka jioni moja ya Desemba 2002 Los Angeles.

Nilikua naishi kwa braza, karibu kabisa na Glendale kwenye Waarmenia kibao, na hii bendi wote wanne wana asili ya Armenia so kule usingeweza kukaa wiki bila kuwasikia. Sasa braza kabla hajaenda Marekani alikua na kibanda Kariakoo, kazi yake kubani CD, yaani kukopi nyimbo kwenye CD tupu, kwa hiyo kwenye mambo ya CD humwambii kitu. Nimerudi kazini nimechoka ila nina furaha, nimetoka kununua albamu mpya ina wiki chache tu sokoni, nikaiweka mezani. Akaiangalia. Kava halina picha, halina kijitabu ndani, CD yenyewe nyeupe tu imeandikwa jina la bendi na jina la albamu kama mtu kachukua makapeni akaandika kwa haraka.

"Dogo umepigwa."

Nikamwambia kaka hii ni orijino. Akasema orijino gani hii wakati hata jina limeandikwa iibe, vaa viatu twende ukarudishiwe hela yako. Na braza akishasema hivyo ujue mmeshaondoka.

Njiani ndo nikawa namweleza. Wakati wanarekodi Toxicity jamaa walipiga nyimbo nyingi kuliko zilizoingia kwenye albamu, zilizobaki mwanzoni mwa 2002 zikavuja kwenye intaneti, MP3 ambazo hazijamaliziwa, watu wakazibatiza Toxicity II wakawa wanazidanlodi na kubani kama hawana akili nzuri. Bendi iliumia, sio kwa sababu ya hela, ni kwamba watu walikua wanasikiliza kazi ambayo haijaiva. Wakaingia wakazimalizia vizuri, maprodyuza wakiwa Rick Rubin na Daron Malakian, mpiga gitaa wao, wakazitoa Novemba 26, na kava wakalifanya lifanane makusudi na CD ya kubani. Braza anaendesha tu hajibu.

Tumefika parking ya duka, kabla hajashuka akawasha taa ya ndani ya gari akaitoa CD. Akaigeuza. Hii ndo ilikua njia yake toka Kariakoo, ya kubani upande wa chini inakua na kaukijani au kaubluu hivi, ya kiwandani inang'aa fedha tupu. Ikang'aa fedha. Akailaza tena juu, akalamba kidole gumba akasugua yale maandishi, akasugua tena kwa nguvu, hata herufi moja haikusogea.

"Weka tusikie."

Nyimbo 16, kama dakika 43 hivi, na tulizisikia zote palepale bila kushuka. Innervision imepita, braza anatingisha kichwa. Boom! ilipoanza akaongeza sauti mwenyewe, ile ngoma inahusu mabomu na mahela yanayomwagwa vitani huku watoto wanakufa njaa, na wakati ule kila ukiwasha TV ni Iraq, Iraq, vita bado haijaanza ila kila mtu anaiona inakuja. Video yake ilikuja kutengenezwa na Michael Moore, yule mtengeneza filamu, kwa picha za maandamano ya kupinga vita ya tarehe 15 Februari 2003. Ile inayoitwa 36 haifiki hata dakika moja, imekuja imepiga imeondoka. Halafu karibu na mwisho ikaja Roulette, hamna dramu za John wala kelele yoyote, gitaa kavu na sauti zimetulia mtu anaomboleza mapenzi, baada ya fujo yote ile. Sasa niambie mtu anaita vipi kitu kama kile makombo! Kwa kweli naona humo ndani kuna ngoma zinazizidi baadhi ya zile za Toxicity, nasema hivi na Toxicity naipenda sana.

Braza akairudisha Roulette, mimi nataka Boom!, tukawa tunagombania kitufe mpaka mlinzi wa parking akaja kugonga kioo akatuambia tununue kitu au tuondoke.

Ndo braza akashuka. Akaingia dukani akamuuliza muuzaji kama kuna nakala nyingine, muuzaji akamwambia kuna toleo maalum, nakala 50,000 tu, kila mwanabendi kachora muonekano wake kwa hiyo zipo aina nne, ila pale zilikua zimeisha. Yaani mtu aliyekua analisha familia kwa kubani CD akaanza kuzunguka maduka ya Los Angeles kila Jumamosi anatafuta zote nne kwa hela yake. Alipata ya Serj na ya Shavo.