Zahanati ya zamani, na majina ambayo siyapigi picha

Jumamosi nilivuka kutoka Mwanza na kivuko cha Kamanga, nikachukua bodaboda upande wa Sengerema kwenda kupiga picha zahanati moja iliyofungwa miaka mingi. Kijiji sikitaji, mana wanunuzi wa chuma chakavu wakijua tu vile vitanda havimalizi wiki. Mwenyekiti wa kijiji alisharuhusu, pale nje nikamkuta mzee anachunga mbuzi. Nikamsalimia mwangaluka baba, akaitikia, akaniangalia miguuni kwanza. "Afadhali umevaa buti mwanangu, sindano bado zipo chini."

Na kweli zipo. Bomba moja la sindano ni la kioo, zile za zamani za kuchemsha, namba za vipimo karibu zote zimefutika kwa kushikwashikwa, na kisukumio kimegandia ndani hakitoki. Pembeni kuna kisanduku cha bati kilichoungua chini, ndo walikuwa wanachemshia. Mama yangu akisimulia enzi zao anasema kabla hujaisikia PPF yenyewe, ile sindano ya penisilini, unasikia kwanza harufu ya stovu ya mafuta ya taa, watoto wanaanza kulia wakiwa bado kwenye foleni. Nilikaa na lile bomba muda mrefu, mwanga wa dirishani ulikuwa unapita ndani ya kioo vizuri sana, nadhani ndo picha bora nimepiga mwaka huu.

Kipimo cha presha kipo, kile cha kisanduku chenye mrija wa zebaki, ila mrija umevunjika na zebaki haipo. Huku Kanda ya Ziwa zebaki haikai bure, wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu. Kama na wewe unaingia sehemu kama hizi, ukikuta imemwagika usiiguse, fungua madirisha utoke nje, mvuke wake hauonekani ila unaingia kichwani.

Afu kabatini, chini ya makaratasi yaliyoliwa na mchwa, nikakuta rejista ya wagonjwa wa nje. Tarehe, jina, umri, kitongoji, ugonjwa, dawa, mwandiko mmoja mzuri wa kuinama ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 1998. Homa, klorokwini. Homa, klorokwini. Kichocho, kuhara, homa tena klorokwini. Watu wa rika langu mnaikumbuka, kile kidonge kichungu na ule muwasho wa usiku kucha, unajikuna mpaka unalia na malaria yenyewe bado iko mwilini. Serikali iliiacha 2001 kama dawa ya malaria tukaingia SP (kama Fansidar), afu 2006 ikaja ALu, ile dawa mseto, kwahiyo ukifungua rejista yoyote ya zamani angalia tu safu ya dawa utajua uko miaka gani hata kama tarehe imeliwa.

Ila ile safu ya majina sikuipiga. Kuna binti wa miaka kumi na sita pale kaandikiwa ugonjwa ambao hakuna mtu angependa ujulikane kijijini, na leo ni mama wa watu, labda anauza dagaa palepale mwaloni nilipokula mchana. Naona watu wanapiga kurasa kama hizo wanazirusha mtandaoni sababu karatasi limezeeka na lina rangi nzuri, na inaniuma, kwa sababu yule binti alimwambia mganga wa zahanati, hakutuambia sisi. Nikafunika majina kwa kiganja, nikapiga safu ya dawa peke yake, mwandiko unaonekana na inatosha kabisa.

Rejista nikairudisha kabatini. Jioni nikapita kwa mwenyekiti nikamwambia iko wapi na kwa nini isibaki pale, akasema atamwambia mtendaji waihamishie zahanati mpya ikafungiwe. Nimempa namba yangu, nisiposikia kitu nitampigia mwenyewe Ijumaa.