Siku Moja Maishani Mwangu: Maabara ya Bakteria, Dodoma

Saa moja asubuhi nasoma kipimajoto cha inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria): nyuzi 35 hadi 37, la sivyo vilivyoota usiku haviaminiki. Madirisha hayafunguliwi. Vumbi la kiangazi cha Dodoma hubeba mbegu za bakteria Bacillus, zikitua kwenye agari (chakula cha bakteria kilichoganda kwenye sahani) huota koloni, yaani makundi ya bakteria, kubwa kavu.

Saa mbili, sahani za jana. Kwenye agari ya MacConkey, inayotenganisha bakteria kwa rangi, wanaochachusha laktosi (sukari ya maziwa) huwa waridi. E. coli huwa bapa, na kipimo cha indoli hutoa mduara mwekundu; Klebsiella pneumoniae ana ute, indoli hasi, na kipimo cha sitrati hugeuka bluu. Asiye na rangi hupimwa kimeng'enya cha oksidesi, ila koloni itoke kwenye agari ya damu, kwani MacConkey hupotosha jibu.

Saa nne, usaha. Rangi ya Gram, inayogawa bakteria kuwa wa zambarau na wekundu: zambarau dakika 1, ayodini dakika 1, asetoni sekunde chache tu, mwisho nyekundu. Asetoni ikizidi, wa zambarau hutoka wekundu na utambuzi wote unapotea njia. Kwenye hadubini, vishada kama zabibu ni Staphylococcus, minyororo, Streptococcus. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 huthibitisha: Staphylococcus hutoa povu, Streptococcus hatoi. Nachota koloni kwa kijiti cha mbao bila kugusa agari ya damu, maana damu nayo hutoa povu. Plazma (majimaji ya damu) ikichanganywa na Staphylococcus ikaganda, ni Staphylococcus aureus.

Jua la utosi, unaletwa mkojo uliochukuliwa alfajiri na kusafiri kwenye basi bila barafu. Hili ndilo linalonichosha kuliko hadubini. Mkojo usikae zaidi ya muda wa saa 2 nje ya friji. Kitanzi changu huchota maikrolita 1, kwa hiyo koloni 100 ni bakteria 100,000 kwa mililita, na kwa hesabu hiyo tunaamua kama ni maambukizi. Kwenye joto, wachache wa ngozini huzaliana hadi wakaonekana ugonjwa.

"Mwanangu, si mkojo ni ule ule?" anauliza mzee aliyeuleta.

"Shikamoo baba. Ni ule ule, ila waliomo wameongezeka njiani. Nikiupima, mgonjwa atapewa dawa asiyoihitaji."

Anauliza tena, kisha nesi anapiga simu kuuliza hilo hilo, na fomu imeandikwa "haraka". Naeleza upya: kopo safi, mkojo wa katikati, uje na barafu. Majibu ya kuotesha hayatoki siku hiyo hiyo. Bakteria lazima aote kwanza, ndipo apimwe dawa.

Jioni ni vidonge vya karatasi vyenye dawa kwenye agari ya Mueller-Hinton, kuona dawa ipi inazuia bakteria. Tope la bakteria lilingane na McFarland 0.5, kipimo cha uzito wa tope; likiwa zito, duara tupu kuzunguka kidonge husinyaa na dawa nzuri huonekana imeshindwa. Sahani zinakaa saa 16 hadi 18 kabla ya kupimwa kwa rula.